Mwalimu Mstaafu wa Ngamiani: Roboti ya India au Kisu cha Dar es Salaam?

Mgonjwa

Mgonjwa wa kisa hiki ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 67, mkazi wa Ngamiani jijini Tanga. Habari zake zinaelezwa hapa bila jina lake na bila kutaja vituo alivyopitia, kama alivyotaka mwenyewe. Ana shinikizo la damu linalotulizwa kwa vidonge vya kila siku, na ana presha ya macho ambayo ameitibu kwa matone kwa muda mrefu. Ugonjwa huu wa pili unaonekana kuwa mbali kabisa na tezi dume, lakini ulikuja kuwa na uzito kuliko ndugu walivyodhani.

Alianza kwa kuamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, mkojo ukitoka kwa kukatikakatika na kumwacha na hisia kwamba kibofu bado kimejaa. Zahanati ya kwanza ilimwambia ana UTI, ikampa dozi. Dozi ilipokwisha alipewa nyingine, na baada ya hiyo nyingine tena, mpaka ugonjwa ukabadilishwa jina na kuitwa UTI sugu. Katikati ya dozi hizo alinunua chupa za dawa ya mitishamba inayonadiwa kwamba husinyaza tezi dume bila kisu. Ilipita karibu nusu mwaka kabla daktari mmoja hajampima kwa kidole na kuagiza kipimo cha damu cha PSA, kinachopima protini inayotengenezwa na tezi dume. Majibu yalikuwa 14, wakati kiwango kinachotumiwa na wengi kama mpaka wa kuanza kutilia shaka ni 4. Alitolewa kipande kidogo cha nyama ya tezi, na maabara ikathibitisha saratani yenye alama 7 za Gleason, yaani 3 na 4. Gleason ni namna ya kuzipanga seli za saratani kwa jinsi zinavyoonekana chini ya hadubini, 6 ikiwa ndiyo pole na 10 ndiyo kali. Picha za CT na skani ya mifupa hazikuonyesha kwamba ugonjwa umesambaa.

Kwa vigezo vya kitabibu, huyu ni mgonjwa wa hatari ya kati: PSA iko baina ya 10 na 20, Gleason ni 7, na ugonjwa bado uko ndani ya tezi. Inafaa kusema hapa kwamba saratani ya tezi dume ikiwa changa kwa kawaida haina dalili yoyote, na kwamba tezi za wanaume wengi hutanuka kwa uzee tu bila saratani. Yumkini mkojo wa kukatika ulitokana na kutanuka huko, na saratani ikabainika kwa sababu kulikuwa na jambo jingine lililomfikisha kwa daktari.

Kikao cha familia

Niliitwa kwenye kikao cha familia kwa sababu nimefanya kazi miaka mingi katika chumba cha upasuaji, na kwa sababu mke wa mgonjwa ni jirani yangu. Kilifanyika barazani baada ya swala ya magharibi. Mtoto mkubwa, ambaye ana kazi yake Dar es Salaam, alikuwa amepewa na wakala wa wagonjwa karatasi ya makadirio kutoka hospitali moja ya India: upasuaji wa kutoa tezi dume kwa msaada wa roboti, siku tatu za kulazwa, vipimo vya kabla, na jumla inayozidi shilingi milioni 20 kabla ya tiketi za watu wawili na nyumba ya kukaa wiki tatu au nne. Upande wa pili kulikuwa na rufaa ya kwenda hospitali kubwa ya Dar es Salaam, ambako daktari bingwa wa mfumo wa mkojo alikuwa tayari kumfanyia upasuaji wa wazi, na sehemu kubwa ya gharama ingebebwa na bima ya mstaafu.

“Baba, wenzetu hawapasuliwi tena kwa mkono,” alisema mtoto mkubwa. “Inafanya mashine, na mashine haitetemeki wala haichoki.”

“Mwanangu, mashine inayofanya peke yake mimi siitaki,” mzee akamjibu. “Ikikosea nitamuuliza nani?”

Majibizano haya mafupi yalibeba kosa ambalo niliona pande zote mbili zinalishiriki, na nadhani linashirikiwa na watu wengi wanaosikia habari za roboti kwa mbali, kwamba roboti ndiyo inayopasua. Mmoja aliipenda kwa sababu hiyo, mwingine akaiogopa kwa sababu hiyohiyo.

Ukweli ni kwamba roboti ya upasuaji haina uamuzi wake. Mfumo unaojulikana zaidi duniani, da Vinci wa kampuni ya Intuitive Surgical ya California, ulioruhusiwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani kwa upasuaji wa tumbo mwaka 2000, una sehemu tatu: kiti chenye kioo cha kutazamia na vishikio vya vidole ambako daktari hukaa, hatua chache kutoka kitandani, mhimili wenye mikono minne unaoegeshwa juu ya mgonjwa, na kabati lenye skrini, taa na mitambo ya picha. Daktari hutoboa matundu tumboni, mengi yakiwa hayafiki upana wa sentimita moja, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake unyanyuke, kamera na vyombo vinapitishwa, na hapo ndipo yeye huenda kukaa kwenye kiti chake. Anaposogeza vidole, ncha ya chombo ndani ya nyonga husogea vilevile, ila mwendo unaweza kupunguzwa, kwa mfano sentimita tatu za mkono zikawa sentimita moja ya ncha, na mtetemo wa mkono ukachujwa njiani. Ncha yenyewe, ambayo si kubwa kuliko ukucha wa kidole kidogo, hujikunja na kuzunguka kama kifundo cha mkono, jambo ambalo vyombo virefu vilivyonyooka vya upasuaji wa kawaida wa matundu haviwezi. Picha anayoiona daktari ina kina, na imekuzwa hadi mara kumi.

Tezi dume ndiyo iliyoipa mashine hii umaarufu, na sababu iko katika mahali ilipo. Imejificha nyuma ya mfupa wa kinena, chini ya kibofu, mbele ya utumbo wa mwisho, na ubavuni mwake hupita mishipa ya fahamu inayohusika na nguvu za kiume. Ikishatolewa, shingo ya kibofu hushushwa na kushonwa kwenye mrija wa mkojo, mshono mdogo wa mviringo unaofanywa ndani ya shimo jembamba lenye damu. Aliyewahi kusimama mezani akishika koleo na kumulika kwa ajili ya daktari anayeshona pale kwa mkono anafahamu kwa nini madaktari waliipokea roboti kwa furaha. Shingo na mgongo wa daktari pia hupona, kwa maana hufanya kazi akiwa ameketi.

Faida zilizothibitika, na ambazo hazikuthibitika

Niliwaeleza ndugu kuhusu utafiti mmoja uliofanyika Brisbane, Australia, na matokeo yake ya kwanza kuchapishwa mwaka 2016, kwa sababu ulilinganisha jambo lilelile walilokuwa wakibishania. Wanaume 326 wenye saratani ya tezi dume iliyo ndani ya tezi waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapangiwa upasuaji wa wazi na nusu upasuaji wa roboti. Waliofanyiwa kwa roboti walipoteza wastani wa takriban mililita 440 za damu, na wale wa kisu takriban mililita 1,340. Wa kwanza walilala hospitali kama siku moja na nusu, wa pili zaidi kidogo ya siku tatu. Maumivu ya wiki ya kwanza yalikuwa machache zaidi kwa upande wa roboti.

Tofauti ya damu haifai kupuuzwa. Tanga, kama kwingineko nchini, mgonjwa anayekwenda kupasuliwa operesheni kubwa huambiwa aje na ndugu wa kuchangia damu, na nimeona operesheni zikiahirishwa kwa sababu chupa hazikutosha. Upasuaji unaopunguza damu inayopotea kwa theluthi mbili ni msaada wa kweli kwa mahali ambapo damu ni ya kutafutwa, na ajabu ni kwamba mahali hapo ndipo roboti inapopatikana kwa nadra.

Lakini yale mambo mawili ambayo mgonjwa mwenyewe huyaulizia kwa sauti ya chini, yaani kuweza kuzuia mkojo na kuweza kuwa na mkewe, yalikuwa karibu sawa kwa makundi yote mawili katika wiki ya 12, na hata walipopimwa tena baada ya miezi 24. Waliokutwa na chembe za saratani kwenye ukingo wa tezi iliyotolewa walikuwa asilimia 10 kwa kisu na asilimia 15 kwa roboti, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo husomwa harakaharaka: daktari wa upande wa kisu alikuwa amekwisha kufanya operesheni za aina hiyo zaidi ya 1,500, na wa upande wa roboti alianza utafiti akiwa na takriban 200. Wapo wanaosema kwamba hilo linaipunguzia roboti haki yake. Mimi naliona kwa namna nyingine: kwamba mashine ilimwezesha mwenye uzoefu mdogo kumkaribia mkongwe ni sifa kubwa kwa mashine, na kwamba haikumwezesha kumpita ni ushahidi wa thamani ya mkono uliozoea.

Uzoefu huo umepimwa. Mwaka 2007 mtafiti Andrew Vickers na wenzake nchini Marekani walichapisha hesabu za wagonjwa zaidi ya 7,700 waliotolewa tezi dume kwa upasuaji wa wazi na madaktari 72. Kwa mgonjwa aliyepasuliwa na daktari aliyewahi kufanya operesheni 10 tu, uwezekano wa saratani kurudi ndani ya miaka mitano ulikuwa asilimia 17.9, kwa mgonjwa wa daktari mwenye operesheni 250, ulikuwa asilimia 10.7. Sijaona takwimu inayomsaidia mgonjwa kuchagua kuliko hiyo, na wala haihusu chombo kinachotumika.

Kwa hiyo nilimwomba mtoto mkubwa tuisome upya karatasi ya makadirio. Jina la mashine lilitajwa mara tatu, likiwa na picha yake ya rangi juu ya ukurasa. Jina la daktari halikuwepo. Alimwandikia wakala kuuliza ni nani atakayekaa kwenye kile kiti na amefanya operesheni ngapi, akajibiwa kwamba hospitali ina jopo la wataalamu waliobobea. Alipouliza tena, akaambiwa daktari atapangwa mgonjwa akishafika. India ina madaktari wa roboti ambao idadi ya operesheni zao ingemtosheleza mtu yeyote, na sina shaka juu yao. Shaka ilikuwa juu ya kumpeleka mzee ng'ambo kwa ajili ya chombo, na mshika chombo asijulikane.

Kichwa chini, miguu juu

Jambo la macho liliibuka hapa. Ili utumbo usogee mbali na nyonga na kumwachia daktari nafasi, mgonjwa wa roboti hulazwa kichwa kikiwa chini na miguu juu, kitanda kikiinamishwa nyuzi 25 hadi 30, na hukaa hivyo kwa saa kadhaa huku tumbo likiwa limejaa hewa. Damu hukusanyika kichwani, uso huvimba, mapafu hubanwa, na presha ndani ya jicho hupanda. Kwa mtu mwenye macho mazima hali hiyo hupita bila madhara. Kwa mwenye presha ya macho, mtaalamu wa usingizi anatakiwa apate kwanza maoni ya daktari wa macho, aweke mpango wa kupunguza mwinamo au kumnyanyua mgonjwa mara kwa mara, na katika hali nyingine achague njia tofauti.

Hili si katazo, na mzee huyu angeweza kupimwa akaonekana anafaa. Kilichonisumbua ni kwamba fomu ya wakala iliuliza sukari, presha ya damu, moyo, hata namba ya viatu kwa ajili ya soksi za kuzuia damu kuganda, lakini haikuuliza macho. Nilipoeleza habari hii, mzee alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mkewe amletee miwani, akaisoma ile karatasi mwenyewe kuanzia mwanzo.

Dada wa mgonjwa naye aliuliza kama mashine hiyo inafaa pia kwa saratani ya shingo ya kizazi, kwa kuwa kuna mwanamke wa mtaani kwao aliyeshauriwa hivyo. Swali lilitoka nje ya kikao kidogo lakini lilistahili jibu kamili. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa kimataifa wa wanawake 631 wenye saratani ya shingo ya kizazi iliyo changa, ambao ulilinganisha kutoa kizazi kwa upasuaji wa wazi na kwa upasuaji wa matundu, ama wa mkono ama wa roboti. Baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 96.5 upande wa wazi na asilimia 86 upande wa matundu. Wengi wa kundi la matundu walifanyiwa kwa vyombo vya kawaida, na wachache kwa roboti, hivyo si haki kuitwika roboti lawama yote. Hata hivyo, Februari 2019 ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliwatahadharisha wagonjwa na madaktari kwamba usalama na ubora wa roboti katika kuzuia au kutibu saratani, ikiwemo ya matiti na ya shingo ya kizazi, ulikuwa haujathibitishwa. Faida iliyoonekana kwenye kiungo kimoja haihamishiwi kwenye kingine bila kupimwa upya. Kwa nchi kama yetu, ambako shingo ya kizazi ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko zote, jambo hili lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila tangazo.

Gharama ambazo hazimo kwenye karatasi

Mashine moja huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1, na mifumo mikubwa hupita dola milioni 2. Juu yake kuna mkataba wa matengenezo wa kila mwaka, na kuna vyombo vya ncha ambavyo vina kihesabio ndani yake: vikishafikisha idadi ya operesheni iliyopangwa na mtengenezaji, mashine huvikataa hata kama bado vinakata vizuri. Hospitali iliyolipa gharama hizo inahitaji wagonjwa wengi ili zirudi, na hapo ndipo wakala wa Dar es Salaam anapoingia. Sisemi kwamba kuna udanganyifu. Nasema tu kwamba mtu anayemshauri mgonjwa afuate mashine ana sababu zake, na mgonjwa ni vizuri azijue.

Kwa familia hii, gharama iliyonitia wasiwasi zaidi ilikuwa ya baada ya safari. Mgonjwa aliyetolewa tezi dume hutoka hospitali akiwa na mpira wa mkojo, ambao hukaa wiki moja hadi mbili mshono upone. Safari ndefu ya ndege baada ya upasuaji wa nyonga huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, kwa hiyo lazima asubiri. Akisharudi Tanga, akipata homa, au mkojo ukagoma ghafla kwa sababu mshono umejikaza, atakayempokea usiku ni daktari wa zamu ambaye hakuwepo, mwenye karatasi moja ya muhtasari mkononi. Nimewapokea wagonjwa wa namna hiyo. Baadhi yao walikuja na mpira ambao hakuna aliyeandika uliwekwa tarehe gani.

Mpwa wa mzee, kijana anayesomea uhandisi, alikuwa na hoja ya kuvutia: kwa nini wasisubiri daktari ampasue mjomba akiwa ng'ambo, na mjomba akiwa papa hapa? Si ndoto. Tarehe 7 Septemba 2001, daktari wa upasuaji Mfaransa, Jacques Marescaux, akiwa New York alitumia roboti kutoa kifuko cha nyongo cha mwanamke aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, kupitia nyaya za mawasiliano. Na Juni 2025 daktari wa upasuaji Vipul Patel akiwa Florida alimfanyia kwa roboti upasuaji wa saratani ya tezi dume mgonjwa aliyekuwa Luanda, Angola. Lakini kando ya mgonjwa wa Luanda kulikuwa na timu nzima ya upasuaji, iliyo tayari kuendelea yenyewe endapo mawasiliano yangekatika. Mahali penye timu inayoweza kufanya hivyo, mashine hiyo ya mbali ni nyongeza; mahali pasipo na timu, mawasiliano yakikatika katikati ya mshono hakuna wa kumwita. Na tezi yenye Gleason 7 haingojei mkongo mpya wa intaneti.

Kilicho karibu zaidi nasi ni mafunzo. Taasisi ya IRCAD, iliyoanzishwa na Marescaux huyohuyo mjini Strasbourg mwaka 1994, ilifungua tawi lake la Afrika mjini Kigali mwaka 2023, ambako madaktari hufundishwa upasuaji wa matundu. Upasuaji huo wa matundu kwa mkono hutoa sehemu kubwa ya faida za roboti, yaani kidonda kidogo, damu chache na kulala hospitali muda mfupi, kwa vifaa ambavyo bei yake haikaribii ya roboti. Kama ningeulizwa hospitali ya mkoa itumie wapi fedha zake za kwanza, ningesema huko, na kabla ya huko ningesema kwa wataalamu wa usingizi, benki ya damu na jenereta isiyozimika. Tume ya Lancet ya upasuaji duniani ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 hawafikiwi na upasuaji salama wanaoweza kuumudu, na mara nyingi wanachokosa ni vitu kama hivyo.

Uamuzi na matokeo

Daktari bingwa wa Dar es Salaam, tofauti na wakala, alianza kwa kumweleza mzee kwamba kupasuliwa si njia pekee. Alimtajia mionzi pamoja na sindano za homoni. Alimweleza pia kwamba utafiti wa Uingereza wa wanaume 1,643 waliogunduliwa saratani ikiwa bado ndani ya tezi, waliofuatiliwa kwa miaka 15, ulionyesha kuwa waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa takriban asilimia 3 tu, ama walikuwa wamepasuliwa, ama wamepigwa mionzi, ama walifuatiliwa kwa vipimo kwanza. Hata hivyo wengi wa wale walikuwa na ugonjwa mpole kuliko wake, na mionzi ingeweza kuzidisha tatizo la mkojo lililomleta hospitali, ilhali upasuaji ungeyamaliza yote mawili kwa pamoja. Mzee akamuuliza amefanya operesheni ngapi za aina hiyo. Daktari hakuudhika, alimtajia idadi, akamweleza pia wangapi walibaki wakivuja mkojo. Walipotoka, mzee alisema amekwisha amua.

Alipasuliwa kwa mkato wa wazi kutoka chini ya kitovu hadi kwenye kinena, akiwa amelala sawa, kitanda bila mwinamo mkubwa. Aliongezewa chupa mbili za damu, zilizopatikana kwa sababu mtoto wake na mpwa wake walikuwa wamechangia wiki iliyotangulia. Alilala hospitali siku sita. Kidonda kiliingia uchafu kwenye ncha ya chini na kilihitaji kusafishwa kila siku kwa takriban wiki tatu, kazi iliyofanyika Tanga karibu na nyumbani. Ni lazima nikiri kwamba kwa roboti asingehitaji zile chupa mbili, pengine, na kidonda kile kisingekuwepo. Mtoto mkubwa alinikumbusha hilo, na hakukosea.

Mkojo ulimsumbua zaidi kuliko kidonda. Mpira ulitolewa siku ya 14, na kuanzia hapo alivuja kila alipokohoa, aliposimama, aliporukuu. Alivaa nepi za watu wazima na akaacha kwenda msikitini, kwa kuona kwamba udhu wake haudumu. Mkewe ndiye aliyemwendea imamu, ambaye alimpelekea jibu linalojulikana katika fiqhi kwa mwenye kutokwa mkojo bila kujizuia: ajisafishe, ajifunge, atawadhe kila wakati wa swala unapoingia, kisha aswali wala asihangaike na kinachotoka. Hilo lilimrudisha msikitini mapema kuliko dawa yoyote. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ambayo alikuwa akifundishwa na kuyapuuza, aliyaanza kwa bidii baada ya hapo, na kufikia mwezi wa tano baada ya upasuaji alikuwa mkavu isipokuwa anapobeba ndoo. Kwa matokeo ya Brisbane, roboti isingemtofautisha sana katika eneo hili.

PSA ya kwanza baada ya upasuaji ilikuwa chini ya 0.1, kama inavyotakiwa. Ripoti ya tezi iliyotolewa, kwa upande mwingine, ilionyesha kwamba katika sehemu moja ya pembezoni saratani iligusa ukingo wa kilichokatwa. Daktari hakupendekeza mionzi ya haraka. Alipendekeza PSA kila baada ya miezi mitatu, na mionzi iwapo kipimo kitaanza kupanda. Familia ilikuwa imekwisha kuchangishana shilingi milioni 9 kwa ajili ya safari ya India. Sehemu yake imelipia nauli za Dar es Salaam, nepi, dawa za kidonda na vipimo ambavyo bima haikuvigharamia. Iliyobaki mtoto mkubwa ameiweka benki kwa jina la mama yake, na kipimo cha mwezi wa tisa tangu upasuaji ndicho kitakachoonyesha kama itatumika kwa mionzi.